Kula Yangu Iwe ya Mwisho

Kila asubuhi, kivuko kilipojitoa taratibu kwenye gati la Kamanga, Kija alisimama peke yake nyuma kabisa, mahali ambapo ngurumo ya injini ilimeza sauti za abiria, akayaambia maji maneno mawili. Kura. Kula. Kura. Kula. Aliyatamka bila haraka, ncha ya ulimi ikitetemeka kwenye neno la kwanza na kutulia kwenye la pili, kama mtu anoaye kisu pande zote mbili. Akina mama wa dagaa waliosafiri naye walidhani binti yule ni mlokole aliye katika sala. Hawakuwa mbali na ukweli. Ilikuwa sala kweli, ila ndani yake hamkuwa na ombi la kusamehewa wala ahadi ya kusamehe.

Alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha minofu ya sangara pale Mwanza, mwaka ule ambao nchi ilikuwa imetoka tu kupiga kura ya vyama vingi. Alitoka Misungwi na cheti cha kidato cha nne, akapewa kazi ya karani wa mizani: kuandika uzito wa samaki kadiri mitumbwi ilivyowashusha. Kwa kuwa kodi za mjini zilikuwa na meno, alikaa ng'ambo kwa shangazi yake.

Aliyempokea ofisini ni Teodora, mkuu wa hesabu, mwanamke mwenye Kiswahili kilichonyooka kama shati lililopigwa pasi. Teodora alimfundisha mengi yasiyoandikwa popote. Alimwonyesha duka la mitumba lenye bei ya huruma. Alimwonya asimkopeshe mwanamume anayemzidi mshahara. "Mshahara wa kwanza, mdogo wangu, ni mgeni," alimwambia. "Usiponunua kitu kinachoonekana, ataondoka usikumbuke hata sura yake." Kija alimpenda kama dada wa tumbo moja. Ndiyo maana lililofuata lilimchoma mahali ambapo adui asingefika.

Wafanyakazi wa ofisi walikuwa na mchezo wao. Kila mwisho wa mwezi kila mmoja alitoa kiasi walichokubaliana, na mmoja akala fungu lote. Zamu zilipangwa kwa kura: vikaratasi vyenye namba vilitiwa katika bakuli la Teodora, bakuli jeupe la bati lenye maua mekundu, rangi imebanduka ukingoni. Kija alikuwa na shabaha moja tu. Mjini kulikuwa na darasa la jioni la uhasibu, na mlango wake ungefungwa mwezi Juni. Akila mapema, angelipa ada, na baada ya mwaka angehama kutoka kwenye mizani inayonuka shombo kwenda kwenye meza ya hesabu. Usiku kabla ya kura hakupata usingizi. Alikwisha kujiona ameketi mezani pale.

Bakuli lilipomfikia, aliona haya kutia mkono kabla ya wakubwa zake.

"Tangulieni, dada zangu," alisema. "Kula yangu iwe ya mwisho."

Ulimi wake ulizaliwa Usukumani, na haukuwahi kuambiwa kwamba sauti zile mbili ni watu wawili tofauti. Vichwa viligeuka. Kisha Teodora akatabasamu.

"Mmemsikia wenyewe. Mtoto ana adabu. Ameomba kula mwisho."

Kicheko kilipasuka. Antoni, mtunza ghala, nusura amwage chai yake. "Huyu ndiye wa kumpeleka bungeni," alisema. "Wengine wote wanataka kula kwanza."

Kija naye alicheka, akidhani ni utani utakaopita. Akamwona Teodora akichambua vikaratasi, akichagua chenye namba ya mwisho na kukiweka katika kiganja chake.

"Dada, nilimaanisha kula... ile ya kuchagua."

"Ndiyo, mdogo wangu. Kula."

Walicheka tena, na mara hii Kija hakucheka. Kumbishia mkubwa mbele ya watu halikuwa jambo alilofunzwa kwao. Alikifumba kiganja, akarudi kwenye mizani.

Alitoa mchango wake kila mwezi, mchana akishindia muhogo wa kuchoma. Juni ilikuja na mlango wa darasa ukafungwa. Rose, mwenzake aliyekula mapema, ndiye aliyesoma, na ndiye aliyekuja kuketi kwenye meza ile ya hesabu. Zamu ya Kija ilipowadia, wanachama wawili walikuwa wamekwisha kuacha kazi na kutokomea migodini pamoja na ahadi zao. Teodora alimpa kilichobaki, fungu lisilotosha hata doti mbili za kanga.

"Mchezo ni bahati, mdogo wangu. Mwakani tutakuweka wa kwanza."

"Ahsante, dada," alijibu Kija, akipokea kwa mikono miwili.

Kesho yake ndipo alipoanza kusema na maji.

Chuki ya mtu mpole haina kelele. Hulelewa kama mtoto, hushibishwa kwa wakati, hufunikwa wakati wa baridi. Kija aliendelea kumwamkia Teodora shikamoo kila asubuhi, na kumpelekea chai yenye sukari kama apendavyo. Lakini ulimi wake ulikuwa ukinyooka. Ulinyooka hata wageni wakamuuliza kama amezaliwa Tanga, hata uongozi ukamwita kupokea simu za wateja wa Dar es Salaam. Kila sifa aliipokea kwa unyenyekevu, akaiweka akiba. Shangazi yake pekee ndiye aliyelalamika. "Siku hizi unasema nami kama unasoma taarifa ya habari," alimwambia. Kija hakujali. Alikuwa ameandaa swali moja fupi, na alikuwa akilisubiria siku yake.

Siku hiyo ililetwa na watu wa mbali. Ulaya ilipofunga mlango wake kwa sangara wa ziwa, vyumba vya barafu vilijaa, mitumbwi ikarudishwa na shehena yake, na neno kupunguzwa likaanza kutembea koridoni. Bwana Odera, ofisa utumishi, aliwakusanya watu saba wa ofisi.

"Kila idara itachagua mwakilishi wa kukaa meza moja na uongozi," alisema. "Mwakilishi hataguswa. Wengine siwezi kuwaahidi."

Wote walimtazama Teodora, kisha wakatazama pembeni. Mkongwe kuliko wote, mshahara mnono kuliko wote: shoka lingeanzia kwake. Kija, kwa mara ya kwanza, alilindwa na udogo wa mshahara wake. Waliojitokeza kugombea walikuwa wawili, Teodora na Antoni. Kufikia saa ya chai kila mtu alijua kwamba watatu wako huku na watatu wako kule, na kwamba karani wa mizani hajafungua kinywa.

Teodora alimfuata penye birika, wenzao wakiwa wamesimama na vikombe vyao. Alionekana mfupi kuliko siku zote.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini, "nyumba yangu ya Nyakato imesimama bila bati. Nikitoka hapa sasa, mvua itaila. Sijawahi kukuomba kitu. Naomba kula yako."

Neno lilidondoka kama kijiko. Huenda ilikuwa hofu, huenda ilikuwa uchovu wa usiku mwingi. Teodora mwenyewe alilisikia, akagusa midomo yake.

Kija aliona miaka mitatu ya maji ikimpanda kooni. Hakuharakisha.

"Kura au kula, dada?"

Antoni alicheka wa kwanza. Wengine wakafuata, hata wale wa upande wa Teodora, hata Rose. Kilikuwa kicheko kilekile. Hakikuwa kimezeeka hata kidogo. Kija alikisikiliza mpaka kikaisha, akingoja utamu wake umfike.

Wenzao walipotawanyika, Teodora alikuwa bado amesimama palepale.

"Kwetu Ukerewe ni neno moja," alisema. "Mimi nilijifunzia kwenye meli ya Nansio. Kule nyuma, kwenye injini, ili watu wasinisikie."

Kija aliinua kikombe chake. Chai ilikuwa imepoa.

Jioni walipiga kura. Hapakuwa na sanduku, kwa hiyo Bwana Odera aliomba chombo chochote, na Teodora mwenyewe akatoa bakuli lake kwenye droo ya meza.

"Nani aanze?"

"Tangulieni," alisema Kija. "Kura yangu iwe ya mwisho."

Ile r ilitoka safi, ikatetemeka hewani. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekumbuka, isipokuwa mmoja. Kija aligeukia ukuta, akaandika jina la Antoni kwa herufi kubwa.

"Antoni, wanne," alisoma Bwana Odera. "Teodora, watatu."

Mwisho wa mwezi Teodora alikabidhi funguo. Alipita kwenye chumba cha mizani, akaliweka bakuli juu ya meza ya Kija.

"Lichukue. Mchezo hauwezi kukosa bakuli, na watoto wapya watakuja."

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililomsumbua Kija. Alilipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa kwao.

Kivuko cha jioni kilikuwa nusu tupu. Kija hakusimama nyuma. Aliketi benchini kati ya akina mama wa dagaa, bakuli mapajani, kidole kikipita mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka. Katikati ya maji alijaribu kulitamka lile neno moja, lile lililompa ushindi, apate walau kuonja ladha yake mbali na ofisi. Alilisema polepole. Injini ilikuwa ikinguruma, na yeye mwenyewe hakuweza kusikia ni lipi lililotoka.

Mama aliyeketi ubavuni mwake aligeuka.

"Unataka kula, mwanangu?"

Kabla Kija hajajibu, mama yule alikuwa amekwisha kumega kiazi chake katikati, akatia kipande bakulini.