Chumba cha Vioo Mbele ya Nyumba

Lamar Gaddy alisimama kwenye nyasi za mbele ya nyumba yangu, tepu ya kupimia mkononi, akanitazama kana kwamba nimemwomba anijengee choo barabarani.

"Bi Verlene, hivi vyumba vinakaa nyuma," alisema. "Nyuma ndiko mtu anakokaa na kaptula yake, anakunywa chai yake ya barafu, hakuna anayemwona. Mbele ni pa maua."

"Maua ninayo. Nataka chumba."

"Mbele?"

"Mbele, hapa barazani. Paa lipo, sakafu ipo. Wewe niongezee zege kidogo kuelekea barabarani, halafu unizungushie vioo kuanzia chini mpaka juu."

"Kuanzia chini kabisa?"

"Nataka hata viatu vionekane."

Lamar alikuna kichwa. Ni mtu mwema, tumesali naye kanisa moja tangu akiwa mtoto wa kufukuzwa kwenye kwaya kwa kucheka. Akaanza kunieleza kazi yake ilivyo. Hicho ni chumba cha misimu mitatu, alisema. Fremu za alumini, vioo vya tabaka moja, madirisha yenye wavu, feni darini. Hakina hita, wala ukutani hakuna kitu cha kuzuia baridi. Masika utafurahi, kiangazi utavumilia, vuli utamshukuru Mungu. Lakini majira ya baridi unafunga mlango, unarudi ndani.

"Baridi gani, Lamar? Hapa Carolina baridi ni wiki chache za kulalamika."

"Wiki chache zinatosha kukuua, Mama. Na mwezi wa saba utaokwa humo kama mkate."

"Basi nitakuwa mkate. Anza kupima."

Alianza kupima, lakini kila mara alikuwa akigeuka kuangalia ng'ambo ya barabara. Nilijua anaangalia nini. Kule ng'ambo, mlango kwa mlango na mimi, anakaa Shemasi Harvell Gaines.

Mwanangu Dewitt ndiye aliyemvunja mguu. Sitalipamba jambo hili. Alikuwa amelewa, akaendesha gari kurudi nyumbani, na Shemasi alikuwa nje anavuta pipa lake la taka kulirudisha uani. Mguu ulivunjika vibaya. Waliuunga kwa vyuma, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Dewitt alikiri mahakamani bila kuzungukazunguka, akafungwa. Ilikuwa haki. Nilisema hivyo siku ile na ninasema hivyo sasa.

Baada ya hapo hakuna aliyenirushia jiwe. Watu wetu hawafanyi hivyo. Walimpelekea Shemasi keki na kuku wa kukaanga, kama ilivyopasa, nami nilimpelekea, ingawa sahani yangu ilipokelewa mlangoni na kurudishwa bila neno. Ila nikipita kanisani sauti zilishuka. Nikaanza kuingia nyumbani kwa mlango wa jikoni. Nikaacha kukaa barazani. Kila siku nilikuwa na sababu nzuri. Leo mbu wengi. Leo mvua. Leo misonobari imemwaga vumbi lake la njano, kiti hakikaliki. Asubuhi moja nikiwa katika maombi nilijisikia nikimweleza Mungu habari za mbu, nikanyamaza katikati. Niliona aibu. Yeye aliniona nikiingia kwa mlango wa jikoni, na mimi ninamwambia habari za mbu.

Hapo ndipo nilipoamua kujenga mahali pasipo na kisingizio. Vioo vinazuia mvua, vinazuia mbu, vinazuia vumbi. Havizuii macho.

Nilikuwa na akiba niliyoiweka miaka yangu ya kiwandani. Manispaa ikakubali ramani. Lamar akaja na watu wake, wakavunja nguzo za baraza, wakamwaga zege.

Dada yangu Ozella alikuja siku fremu ziliposimamishwa. Alikaa ndani ya gari lake kwanza, ameshika usukani, kana kwamba akishuka atakuwa amekubali.

"Verlene, umepagawa," alisema alipoingia. "Watu hufanya hivi wakiwa na jambo la kuonyesha. Wewe una nini cha kuonyesha?"

"Nina mtoto."

"Huyo mtoto ndiye ninayemsema! Tulishakubaliana. Akitoka namchukua, namweka kwenye basi, anakwenda Baltimore kwa kaka yetu. Kule hakuna anayemjua. Ataanza upya."

"Tulikubaliana na nani? Wewe ulisema, mimi nilikuwa natafuna."

"Usinifanyie utani."

"Ozella, Dewitt alianza kunywa lini? Alipokwenda kufanya kazi mbali, mahali ambapo hakuna aliyejua jina lake. Akianguka kule, nani atamwambia inuka? Wewe unataka nimpeleke palepale alipopotelea."

"Na hapa je? Akae akitazamwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimlemaza?"

"Ndiyo."

Ozella akaenda garini, akarudi na furushi zito, akalitupa juu ya meza. Yalikuwa mapazia, kitambaa kinene cha rangi ya kahawia, kisichopitisha mwanga hata chembe.

"Angalau weka haya," alisema. "Nimeyashona mwenyewe. Fanya kwa ajili yangu."

Niliyapokea na kumshukuru, kwa sababu alikuwa amejichoma kidole kwa sindano mara kadhaa na mishono ilikuwa mizuri. Nikayakunja, nikayaweka kabatini.

Siku ya vioo Shemasi Harvell alivuka barabara. Watu wa Lamar walipomwona waliacha kazi, wakawa wanashughulika sana na vikombe vyao vya kahawa. Alikuja polepole, mkongojo ukigonga lami, akasimama kwenye ukingo wa nyasi zangu bila kuzikanyaga.

"Verlene," aliniita. Zamani aliniita dada. "Unanijengea nini mbele ya macho yangu?"

"Chumba cha kukaa, Shemasi."

"Atakaa humo?"

"Nitamwomba akae."

"Sitaki kumwona."

Neno likanitoka kabla sijalipima. "Nyumba yako ina madirisha ya nyuma pia."

Uso wake ukabadilika. Lamar, juu ya ngazi, alishusha pumzi kwa nguvu.

"Kwa hiyo mimi ndiye nihamie nyuma?" Shemasi alisema. "Mimi niliyekuwa navuta pipa langu?"

Nilitaka kumwomba Mungu anipe maneno, lakini hakukuwa na nafasi ya kuomba. Nikamtazama mguu, kisha uso.

"Hapana," nikasema. "Nisamehe kwa hilo. Usihame. Yeye naye asihame. Hakuna atakayekwenda nyuma, Shemasi, wewe wala yeye wala mimi. Nimechoka na mlango wa jikoni."

"Basi tutatazamana."

"Tutatazamana."

Aligeuka akaondoka. Lamar akauliza kama aendelee. Nikamwambia kwani nimemlipa ili asimame juu ya ngazi kama kuku?

Masika ile nilikaa kwenye chumba changu kila siku. Nilikaa mwezi wa saba, na kweli niliokwa, feni ikinipulizia moto usoni. Bi Corliss, mke wa mchungaji, alipita na gari akapunguza mwendo hadi nikadhani limeharibika. Nilimpungia mkono. Vuli watu wawili watatu walianza kupunga kwanza kabla yangu. Shemasi hakupunga. Lakini pazia la dirisha lake la mbele lilikuwa wazi kila siku, na nililiona hilo.

Dewitt alitoka jela mwezi wa pili, wiki moja ya zile za kulalamika. Nilikwenda kumchukua mwenyewe, kabla Ozella hajaamka. Amekonda, na ana mvi ambazo mimi mwenyewe sina. Tulipofika alizunguka nyumba bila kuambiwa, akaingia kwa mlango wa jikoni, akaweka begi lake pale chini karibu na jokofu, akaketi bila kuvua koti.

"Mama mkubwa anakuja kesho mchana," alisema. "Ameniambia kwa simu kuhusu basi."

"Basi lipo. Halikimbii."

"Na ameniambia kuhusu hicho chumba." Aliangalia ukumbini, kule mwanga unakotoka. "Mama, nimetazamwa miaka yote hii. Nikila, nikilala, nikienda chooni. Halafu wewe umenijengea jela nyingine, ya vioo."

Maneno hayo yaliniuma. Sikutegemea aseme hivyo, na usiku niliyapeleka kwa Bwana kama yalivyo.

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa jalidi, umande ulioganda usiku. Nilivaa koti langu la kanisani, kofia, soksi mbili, nikachukua Biblia na kahawa, nikaingia chumbani na kukaa. Lamar alisema kweli. Ilikuwa baridi ya kwenye friji. Pumzi yangu ilitoka kama moshi na kutia ukungu kwenye kioo, nikaufuta kwa mkono wa koti. Nje kamelia zilikuwa zimechanua, nyekundu, hazijali.

Nilimsikia Dewitt amesimama nyuma yangu mlangoni.

"Mama, utaumwa. Ingia ndani."

"Siingii."

"Hiki chumba si cha baridi. Hata aliyekijenga alikwambia."

"Aliniambia. Lakini nikiingia leo kwa sababu ya baridi, kesho nitaingia kwa sababu nyingine. Nazijua sababu zangu, mwanangu, nimeishi nazo." Sikugeuka. "Jana ulisema nimekujengea jela. Nenda kaangalie mlango ule wa kutokea barabarani. Hauna kufuli. Nilimwambia Lamar asiweke. Ukitaka kutoka, toka, na ukitaka kwenda Baltimore, nitakupikia chakula cha njiani. Ila utatoka kwa mlango huo, mchana, watu wakikuona. Sitakutorosha kwa jikoni kama kitu cha wizi."

Nikasikia nyayo zikirudi ndani, nikafikiri basi, nimempoteza. Sikulia. Nilishika Biblia bila kuifungua.

Baadaye kidogo nyayo zikarudi. Dewitt alikuwa na kikombe chake mkononi, na begani amebeba lile furushi la mapazia ya Ozella.

"Nilikuwa natafuta blanketi," alisema. "Nimeona haya tu."

"Hayo ndiyo yenyewe."

Alinifunika magoti kwa pazia moja, akajifunika jingine, akakaa kwenye kiti cha pembeni, uso barabarani.

Mlango wa ng'ambo ukafunguka. Shemasi Harvell alitoka kuchukua gazeti. Alifika nusu ya njia, akainua kichwa, akatuona. Dewitt akasimama. Ndivyo nilivyomlea, mtu mzima akitokea unasimama. Pazia likamwanguka miguuni. Alisimama pale ndani ya vioo, anaonekana kuanzia nywele hadi viatu, wala hakuinua mkono, kwa sababu hakuwa na haki ya kupunga kwanza, na alilijua hilo bila kuambiwa.

Shemasi alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akarudi ndani bila gazeti.

"Umeona," Dewitt alisema taratibu.

"Subiri."

Mlango ukafunguka tena. Shemasi alikuwa anaburuta kiti, kile cha mbao cha jikoni, mkono mmoja kwenye kiti na mwingine kwenye mkongojo. Dewitt alipiga hatua kuelekea mlangoni, mwili wenyewe unataka kwenda kumsaidia, kisha akajizuia. Shemasi alikiweka kiti katikati ya baraza lake, akageuza uso wake kwetu, akafunga vifungo vya koti, akakaa.

Hakupunga mkono. Wala hakuangalia pembeni.

"Nifanye nini sasa?" Dewitt aliuliza.

"Kaa."

Akakaa. Tulikuwa hivyo, wao wawili wakitazamana na mimi nikiomba macho wazi, mpaka jua lilipopanda na vioo vikaanza kupata joto, na jalidi kwenye nyasi ikawa maji.

Ozella alifika na honi. Alipoona hakuna anayeinuka alishuka, akasimama juu ya nyasi zilizolowa, akatutazama sisi, akageuka akamtazama Shemasi kwenye kiti chake, akatugeukia tena.

"Mnafanya nini humo? Mtakufa kwa baridi! Na hayo si mapazia yangu?"

"Ni yako," nikasema. "Yanafaa sana."

"Dewitt, begi lako liko wapi? Basi halingoji."

Dewitt hakuondoa macho barabarani. "Liko jikoni, Mama mkubwa. Nguo zilizomo ni chafu, nitazifua kesho."

Ozella akaanza kuzunguka nyumba kuelekea jikoni, kama alivyozoea.

"Ozella!" nikamwita. "Pita hapa mbele. Na ufute miguu."