Sifuri Isiyo na Mlango

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya darasa langu, nafundisha Vita Visivyo vya Kawaida, na ubao ukaniomba nisogee kidogo kwa sababu nimeukinga nao unataka kuona.

Kabla sijafika mbali, niseme nililalaje. Mimi ni Meja Mwakalukwa, mkufunzi katika chuo kinachowaandaa maafisa wa jeshi, na jana jioni nilikuwa nasahihisha mitihani ya mwisho. Swali la tano linasema: umefika na kikosi chako katika kijiji ambamo adui asiye na sare amejificha ndani ya wananchi, hatua yako ya kwanza ni ipi? Tangu nianze kufundisha, jibu langu ni moja tu, kuzingira. Maafisa wanafunzi arobaini walizingira. Wa arobaini na moja, Siwema Ching'ole, binti mpole wa safu ya nyuma, aliandika maneno mawili: "Nitapiga hodi."

Nilidhani ananifanyia dhihaka. Somo langu lina kanuni moja, nimeiandika kwa rangi mpaka ukutani: Piga kwanza, uliza baadaye. Mtoto wa watu ameitazama kanuni hiyo mwaka mzima, halafu anapiga hodi. Nikamchorea sifuri nyekundu, kubwa kama sahani ya pilau. Nilipojumlisha, alikuwa na arobaini na mbili, na kufaulu ni hamsini. Kikao cha matokeo ni leo saa mbili asubuhi, na atakayefeli anarudi kwao na sanduku lake la bati. Moyo ulinisuta kidogo, siwezi kuficha. Lakini mwalimu akishaandika kwa wino mwekundu huona haya kufuta. Nikala makande, nikalala.

Basi kule ndotoni darasa likawa kijiji, bila mtu yeyote kuaga. Madawati yamekuwa mbuzi na yanakula majani. Kikosi changu kimejipanga nyuma yangu, kimya, kinasubiri.

"Piga!" natoa amri.

"Tupige nini, afande?" anauliza wa mbele.

Hilo kanuni yangu haikusema. Nikawakumbusha kwamba maswali ni baadaye, wao wapige tu, na mwanajeshi hutii. Wa mbele akatoa pasi ya mkaa kwenye begi akaanza kupiga pasi. Wawili wakapiga deki barabara ya vumbi mpaka ikang'aa. Mmoja anapiga mswaki, mwingine anapiga magoti, mwingine anampigia simu mama yake kumweleza kwamba vita vinakwenda vizuri, asiwe na wasiwasi. Wa mwisho alipiga chafya, akaomba nayo ihesabiwe. Nikaihesabu.

Nilipowafafanulia kwamba anayepigwa ni adui, wakaniuliza yuko wapi. Nikawajibu kwamba hatumjui kwa sababu hana sare. Basi tukaenda kwa fundi, maana mambo ya sare ni ya fundi.

Fundi mwenyewe hakuwapo. Ilikuwapo cherehani yake, na ndiyo iliyokuwa imeachiwa ofisi. Ikatueleza kwamba watu tunamwonea bure huyo adui kwa kumwita mjanja. Hakukataa sare. Alileta kitambaa tangu masika, akapimwa yeye na wenzake wote, suti mia tatu za kijani, akaambiwa aje Ijumaa.

"Ijumaa ipi?" nikauliza.

"Hiyo hatukusema," ikajibu cherehani, huku ikiendelea kushona gauni la mtu mwingine.

Kusema kweli nilimhurumia adui. Mimi mwenyewe nina suruali kwa fundi tangu mwaka juzi. Nikauliza sasa anaishi wapi, na cherehani ikasema anaishi ndani ya wananchi, si ndivyo ninavyofundisha? Ikanyoosha sindano kuelekea kwa Bi Mkunde, mama anayekaanga vitumbua kando ya barabara.

Bi Mkunde akapiga miayo, na hapo nikamwona adui kwa macho yangu. Amekaa nyuma ya jino la mwisho, mtu mdogo, amevaa fulana ya singlendi na bukta, ana kipande cha kitumbua mkononi.

"Toka nje," nikamwamuru.

"Nitatokaje, afande, na hakuna aliyebisha?" akasema. "Nikitoka hivihivi mwenye nyumba ataniona sina adabu."

Bi Mkunde akafumba mdomo, akageuza vitumbua vyake. Nikafanya nililolizoea, nikaamuru kuzingira. Kikosi kikashikana mikono kumzunguka. Wanakijiji kuona duara wakadhani ni ngoma, wakaingia na wao. Mbuzi wakaingia. Duara linapanuka, linapanuka, linakuwa jekundu, na ninapotazama tena Bi Mkunde yuko nje pamoja na watu wote, na mimi niko katikati peke yangu. Chini ya miguu yangu ni karatasi nyeupe yenye mistari. Juu ya kichwa changu, kwa mwandiko unaolala kushoto, pameandikwa: "Nitapiga hodi."

Nilikuwa ndani ya sifuri yangu.

Nikaiomba inifungulie. Sifuri ikasema, kwa upole tu, kwamba haina mlango, kwani niliichora kwa hasira nikaifunga kabisa. Nikauliza kama naweza kupiga hodi mwenyewe. Ikaniambia kwamba tangu dunia iumbwe hakuna mtu mwenye akili zake aliyepiga hodi akiwa ndani. Ikanishauri nikae. Pa kukaa palikuwa mahali pamoja tu, juu ya sanduku la bati lililofungwa kamba kwa safari, na ubavuni limeandikwa Siwema Ching'ole. Sikuweza kulikalia. Niliona aibu, aibu ile ya utotoni inayopasha masikio moto.

"Hodi," mtu akasema nje.

"Simama! Nani wewe?" nikaita. "Neno la siri?"

"Hodi, afande." Ilikuwa sauti ya Siwema.

Nikafungua kitabu changu cha kufundishia, kurasa mia mbili na kumi, nimeziandika mwenyewe. Kuvizia kumo. Kuzingira kumo, tena mara nyingi. Kushtukiza kumepewa sura nzima. Hodi haimo, wala jibu lake halimo. Nilimsikia Bi Mkunde akiwaambia majirani kwamba binti huyu amebisha mara mbili, hodi ni tatu, na mtu asiyejibiwa ya tatu hugeuka akaenda zake, na huyu binti akienda harudi tena. Kutoka ndani ya Bi Mkunde, adui akaniomba nifanye hima, kwa sababu hatima yake imefungwa na yangu na vitumbua vimeanza kumkinaisha.

Neno nilikuwa nalijua. Kwetu hata mtoto wa miaka miwili analijua. Lakini nikilisema, nitakuwa nimekubali kwamba jibu la Siwema ni sahihi, na kwamba ukuta wangu umewadanganya watoto wa watu kwa miaka kumi na moja. Yule aliyekuwa kwenye simu na mama yake akamwomba asubiri kwanza asikilize.

"Hodi," akasema Siwema mara ya tatu, taratibu, kwa sauti ya mtu ambaye ameshaokota mzigo wake.

"Karibu," nikasema. "Karibu ndani, Siwema. Nisamehe, nimechelewa kuitikia."

Sifuri ikaachia upande wa kushoto, ikalia kidogo kama kitasa. Bi Mkunde akafungua kinywa, na adui akashuka mwenyewe, mikono juu, inang'aa mafuta. Alipopita pale palipoachia akajishikiza ukingoni asianguke. Akanipa shikamoo, akasema vita kwake vimekwisha, ila nikipita kwa fundi nimuulizie ile Ijumaa. Kisha akasema, "Asante," na tarumbeta ya asubuhi ikalia.

Niliamka nimelowa jasho. Mke wangu, Mama Lusajo, alikuwa anapiga pasi shati langu la kikao, na kwa muda nilimtazama kwa mashaka. Akaniuliza ni nani niliyekuwa nikimkaribisha, maana nimesema "karibu" mpaka kuku wameshtuka. Nikamwambia ni ndoto tu.

"Haya, ndoto," akasema, akageuza kola. "Na huyo aliyeitikia asante hapo dirishani?"

Nilikwenda mezani, nikachambua mitihani mpaka ya mwisho. Sifuri ilikuwapo, nyekundu vilevile, kubwa vilevile, lakini upande wa kushoto haikufunga. Paliachwa uwazi wa kupita punje ya mchele. Ukingoni pake palikuwa na alama ya mafuta, alama ya kiganja chenye vidole vitano, kidogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikainusa. Ilinukia iliki, na sisi jana tulikula makande.

Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika moja kushoto kwake, karibu kabisa na ule uwazi. Kumi juu ya kumi, jumla hamsini na mbili. Ile moja imesimama wima pale mlangoni, kama mtu aliyebisha mara tatu na mwishowe akajibiwa.