Mguu Juu ya Breki

Mwanaheri hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alizaliwa Makambako, katika familia ya watu wa malori, akakua akilala na kuamka na ngurumo za injini. Lakini mtu kulala chini ya gari, hilo hakuweza kulitazama. Baba yake, Mzee Halfan, alifia chini ya lori lake mwenyewe kando ya barabara kuu, jeki ilipoteleza kwenye tope. Mwanaheri alikuwa bado msichana wa shule ya msingi, na ndiye aliyetumwa kumpelekea chai. Tangu siku ile, akiona miguu ya mwanamume imechomoza uvunguni mwa gari, hugeuza uso na kupita upande wa pili.

Mumewe, Hassani, alilijua hilo. Ndiyo maana alianza kumbembeleza tangu asubuhi.

"Mama Esha, ni kazi ndogo tu. Wewe utakaa juu kwenye kiti kama bibi harusi. Atakayechafuka ni mimi."

"Kwa nini usitafute mtu mwingine wa kukaa?"

"Nimtafute nani? Mafundi wote wa hapa Njombe gari hili wanaliogopa kuliko wewe."

Hakusema uongo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka yamejaa vitu ambavyo zamani watu walivisikia tu, na magari yaliyochoka huko Japani yalikuwa yameanza kupanda mpaka huku kwenye baridi. Hassani, aliyekuwa akinunua viazi kwa wakulima na kuvisafirisha Dar es Salaam, akajipatia na yeye lake: gari refu la foo-wili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, jeupe, viti laini, na halina klachi. Mafundi wa mjini walichungulia pale chini, wakaona pedeli mbili badala ya tatu, wakatikisa vichwa na kurudi kwenye malori yao.

Sasa gari lilikuwa linaumwa. Kwenye vilima vya kutoka Makambako lilikuwa linanguruma tu bila kwenda, kama mtu anayegomba huku amekaa. Mansoor, muuza spea wa Makambako, alimwambia Hassani kwamba mafuta ya giaboksi yamechoka. Akampa makopo ya mafuta mapya, mekundu kama sharubati, na maelekezo juu yake: mwaga ya zamani, jaza mapya, kisha washa gari, mtu akanyage breki na kupitisha gia moja baada ya nyingine, ndipo upime. Harusi ya mdogo wake Mwanaheri ilikuwa imekaribia, na Esha, binti yao, alishatangulia Makambako kwa bibi yake. Hassani alitaka kuingia harusini na gari lake, si kwa basi.

Uwanja wa nyumba yao ulikuwa wa mteremko. Gari lilisimama likiitazama nyumba, na nyuma yake ardhi ilishuka mpaka kwenye ua wa matete, na ng'ambo ya ua palikuwa na shamba la jirani yao Emerensiana, mama yake Fidelia. Hendibreki ilikuwa pambo tu, waya wake ulikatika zamani. Kwa hiyo Hassani aliweka mawe mawili nyuma ya magurudumu ya nyuma. Halafu akaona amesimamisha gari juu ya dimbwi la mvua ya jana. Akalisogeza mbele kidogo, akazima, akaingia uvunguni na karai. Mawe yakabaki pale yalipokuwa. Si yeye wala mkewe aliyekumbuka.

Mwanaheri alisimama mlangoni mwa jiko, mgongo kwa gari, akisikia spana ikigonga chuma na mumewe akiguna. Kulikuwa na kijibomba chembamba kilichopita karibu na giaboksi, kikimzuia mkono. Hassani akakisukuma kando kwa bisibisi, apate nafasi. Mafuta yakashuka kwenye karai meusi, yananuka kama chungu kilichoungua.

"Umeona?" aliita kwa furaha. "Tulikuwa tunaendesha lami!"

Alifunga nati, akajaza mafuta mapya, kisha akamwita mkewe apande. Akasimama dirishani na kumfundisha kama mtoto wa madrasa.

"Juu kabisa P. Hapo gari limefungwa. Inayofuata?"

"R. Kurudi nyuma."

"Halafu?"

"N, haina kitu. Halafu D, kwenda mbele."

"Basi. Mguu usitoke kwenye breki. Nikigonga mara moja, hamisha gia. Nataka nione kama panavuja."

"Baba Esha, si ungechungulia tu kwa pembeni?"

Lakini alishalala. Alijilaza kwa kukingama, kichwa katikati ya gari, na miguu yake iliyovaa mabuti ya mpira ikachomoza chini ya mlango wa Mwanaheri, karibu kabisa na gurudumu la mbele. Mwanaheri aliyaona mabuti yale, akageuza uso. Akasoma kimoyomoyo dua aliyoikumbuka, akawasha.

Hassani akagonga. Mwanaheri akavuta gia kwenda R, na gari likajitikisa kidogo. Akagonga tena. N. Akagonga tena. D. Gari likainua pua kidogo likitaka kwenda, mguu wake ukalizuia. Alikuwa anakanyaga kwa nguvu zote.

"Panavuja!" Hassani alipiga kelele kutoka chini. "Kanyaga zaidi, naona matone!"

Alikanyaga zaidi. Pedeli ikashuka.

Mwanzoni alidhani ni mguu wake uliosogea. Akakanyaga tena, nayo ikashuka tena, laini, kama mtu anayekanyaga unga. Ndipo akaelewa kitu ambacho mumewe chini kule hakukielewa: yale matone hayakuwa mafuta mekundu ya giaboksi. Breki ndiyo iliyokuwa inavuja.

"Toka!" alipiga kelele. "Baba Esha, toka! Breki inazama!"

"Nini? Kanyaga, nimesema!"

Injini ilikuwa inanguruma kwenye masikio yake. Pedeli ikagusa sakafu. Gari likayumba, likarudi nyuma kiasi cha kiganja. Mkono wake ulikimbilia gia, airudishe P. Ukasimama njiani. Ili ifike P lazima ipite kwenye R, na R ingelirudisha gari juu ya mumewe kwa nguvu ya injini. Kuzima gari? Likizimwa halina cha kulizuia. Akahamisha mguu kwenye mafuta, akagusa kidogo. Injini ikalia bila kuvuta. Akaongeza, mara gari likashika ghafla na kuruka mbele, akaachia haraka, maana mbele nako kulikuwa na kifo: magurudumu ya nyuma yangempata.

Akabaki hapo, akilishikilia gari kwenye mteremko kwa ncha ya kidole gumba cha mguu. Likizidi, mume anakufa. Likipungua, mume anakufa. Mbele ya macho yake hakuona tena nyumba. Aliona birika la chai limemwagika kando ya barabara.

Kwa mkono wa kushoto alishika usukani. Kwa wa kulia akaibana honi, asiiachie.

"Acha makelele, wewe mwanamke!" Hassani akagonga chuma kwa hasira.

Emerensiana alikuwa akipalilia viazi vyake. Alijiinua, akachungulia juu ya matete, jembe begani, akamwona jirani yake anapiga honi uwanjani mwake mwenyewe. Akatabasamu na kupunga mkono.

"Kamwene!" alimsalimu kwa Kibena.

"Mama Fidelia!" Mwanaheri alilia kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. "Mvute miguu! Mvute! Gari linamuua!"

Tabasamu likamtoka Emerensiana. Alilitupa jembe, akaupasua ua wa matete kwa mwili wake, akaja mbio akipandisha mteremko. Hakuuliza neno. Alimshika Hassani vifundo vya miguu, akarudi nyuma kwa nguvu zake zote kama anayeng'oa kisiki. Hassani alipiga mateke, akatukana, buti moja likavuka na kubaki mkononi mwa yule mama. Emerensiana akalitupa, akakamata mguu mtupu.

Injini ikalia tena bila kuvuta. Gari likaanza kwenda nyuma.

"Mungu wangu, vuta!" Mwanaheri alipiga kelele, akarudisha mguu kwenye breki.

Kiuno kikatoka. Kifua kikatoka. Kichwa kilipotoka, gurudumu la mbele lilipita pale pale kilipopitia, likalibamiza karai likawa bapa kama sahani. Mwanaheri hakuliona hilo. Gari liliyaruka yale mawe yaliyosahauliwa nyuma, likaubomoa ua, likashuka kwenye viazi vya Emerensiana na kuegama kwenye kisiki cha mti wa mlingoti kwa mshindo uliomgongesha kisogo kwenye kiti. Injini ikazima yenyewe.

Kisha akasikia watu wanakuja.

Hassani alifika wa kwanza, buti moja mguuni, uso mweusi kwa mafuta, shati limepasuka mgongoni. Alifungua mlango. Alipiga magoti kwenye tope, akaushika mguu wa mkewe uliokuwa bado umekandamiza breki ile iliyokufa.

"Toa mguu, Mama Esha. Nimetoka. Nipo hapa."

"Siwezi."

"Tazama, ni mimi."

"Nakuona. Mguu haunisikii."

Emerensiana ndiye aliyemsogeza Hassani pembeni, akauinua ule mguu kwa mikono miwili kama unavyomwinua mtoto aliyelala, akamtoa mwenye mguu nje, akamkalisha kwenye tuta. Hapo Mwanaheri akaanza kulia. Hassani alisimama karibu, akiangalia kijibomba cha mafuta ya breki kilichopasuka. "Nilikisukuma mimi," alisema. "Kwa mkono wangu huu."

"Viazi vyangu utavilima upya wewe," Emerensiana akamwambia. "Leo kanywe chai kwanza."

Makambako walikwenda kwa basi. Watu walipouliza gari liko wapi, Hassani hakutafuta maneno ya kujikinga. Aliwaambia kwamba limelala kwenye shamba la jirani, na kwamba yeye amefika harusini kwa sababu mke wake alijua kuogopa na yeye hakujua. Mama mkwe wake, mjane wa Mzee Halfan, alisikia, akaondoka kwenye mkeka, akaingia ndani. Alirudi baadaye, macho yamevimba, akamwekea mkwewe sahani ya pilau iliyojaa kupita ya mtu yeyote.

Gari lilitengenezwa, likaendelea kupanda vilima kwa miaka mingi, na Mwanaheri alikuwa akipanda pamoja na mumewe. Hassani hakuingia tena uvunguni. Lakini kwa muda mrefu baada ya pale, kila gari lilipowashwa nje ya nyumba yao, Mwanaheri akiwa jikoni anamenya viazi, mguu wake wa kulia ulikuwa unakandamiza sakafu wenyewe, hata kisigino kikamuuma.