Mitungi Mitatu ya Kombo

Ijumaa ile Kombo alirudi kutoka msikitini, akafika uani, akanusa ubani. Akakimbilia mitungi.

Mitungi yake mitatu ilikuwa inang'aa. Miaka minne alifuga humo vidudu vya bahari, vidogo kama chembe za pumba, virukavyo majini. Akivilisha maji ya chumvi aliyoyaanika juani mpaka yakaota ukijani. Kule kituo cha samaki, Dar, alikofagia, Wazungu walimwambia mfagiaji aliyeishia darasa la nne haiwezi kazi hiyo. Uhuru ulipokuja, waliorithi viti vyao wakamwambia yaleyale. Kombo aliyaweka maneno yao yote moyoni, na tarehe zake. Sasa kituoni walikuwa wamezaliwa watoto wa farasi wa bahari, mia na ushei, ndani ya tangi la kioo, na hawali kilichokufa. Kwenye mkutano wa kituo Kombo akasimama: "Nitawalisha mimi." Jioni ile gari lilikuwa linakuja kuchukua vidudu.

"Nani kagusa mitungi?"

Mkewe, Kibibi, alikuwa ndiyo kwanza anatua kapu la sokoni. Aliyejibu ni mama yake Kibibi, Bi Mize, aliyefika juzi kutoka Pangani.

"Mimi, mwanangu. Si umesema una wageni kutoka Dar? Wanywe maji yale, kijani kama matapishi ya ng'ombe? Nimemwaga, nimesugua, nimefukiza, nimejaza ya kisima. Hebu yaonje."

Ulimi wa Kombo ulikwisha kuwatoa jasho makarani na mwenyekiti wa tawi. Lakini mkwe hafokewi. Akapokea kata, akanywa. Yalikuwa matamu, hayana chembe ya chumvi.

"Ahsante, mama." Akaketi kizingitini kama mzigo ulioteremshwa.

Kibibi akamnong'oneza mama yake. Bi Mize akashika kinywa.

"Wadudu? Mtu mzima, unafuga wadudu mtungini!" Akachungulia mtungi. Kisha: "Asili yao wapi?"

"Kule mikokoni, mama. Mkondoni."

"Basi ni ndugu zake uduvi. Uduvi nimeutanda kwa kanga tangu sijavunja ungo. Inuka."

"Kanga itawapitisha."

"Tutakunja mara mbili."

Wakaingia topeni kule mikokoni, maji kiunoni, mtu na mkwewe ambao hawajapata kula sinia moja, kila mmoja kashika pembe zake za nguo.

"Taratibu, mama, usikamue."

"Usinifundishe kutanda."

Mpaka Dadi, dereva wa kituo, anapiga honi, walikuwa na ndoo moja, nayo haijajaa.

"Shikamoo, bibi. Ndugu Kombo, ndoo moja? Mtaalamu wetu kule kituoni kaniambia mitungi mitatu."

"Hicho ni chakula cha siku mbili. Kesho kutwa nitatanda tena."

"Atacheka yule!"

"Acheke."

Kibibi, aliyezoea ulimi wa mumewe kuchoma, akamtazama kwa hofu. Kombo alipanda nyuma ya gari na nguo zake mbichi, akaipakata ndoo, isije ikamwagika kwenye mashimo ya barabara pale Mapinga.