Ndama wa Bihogo

Straton alipiga magoti akapuliza kuni mbichi chini ya sufuria kubwa ya shaba, moshi ukamwingia machoni. Maziwa yalitakiwa yapate uvuguvugu tu. Alichovya kiwiko, akamwambia Michel avute kigogo kimoja nje.

"Leo ukoroge polepole. Bazungu batakuya kuangalia."

"Batakuya kuangalia ao batakuya kukula?" Michel aliuliza.

"Batakula. Sisi tutaosha masahani."

Michel alicheka. Alikuwa mtu wa Walikale, aliyetoroka msituni ambako watu walilazimishwa kugema mpira kwa ajili ya vita vya Wazungu. Tangu afike kwenye shamba hili juu ya Nyabiondo, hakuna alichokiona cha kumshangaza.

Siku hiyo jibini la shamba lilikuwa linapelekwa sokoni kwa mara ya kwanza. Masanduku yalipangwa barazani yakingoja kamyo, lori la kwenda mjini Costermansville, na kila jibini lilikuwa na chapa ya jina la Bwana Lambrecht, Mzungu mwenye shamba, kana kwamba ni yeye aliyekoroga.

Kukoroga alikoroga, tena kabla ya vita. Jibini lake la kwanza lilivimba likapasuka, la pili likaingia funza. Halafu kopo la dawa ya kugandisha maziwa, iliyokuwa ikitoka Ulaya, likaisha, na kila aliyeuliza kazi itaendelea lini alipewa jibu lile lile: "Iko vita. Meli haiyafika." Kuku wakaanza kutagia ndani ya sufuria. Mpaka siku moja Bwana akasikia kwamba Wazungu wa mjini wanalilia jibini, kwa kuwa la kwao haliji tena, ndipo akamwita Straton, kapita wake, msimamizi wa kazi ya maziwa.

"Dawa iko mu tumbo ya mutoto ya ngombe, ile inanyonya bado," alimwambia. "Tafuta kwa batu yako. Ngombe yangu ilitoka Ulaya, ile haiwezi kuchinjwa."

Straton alizunguka vilima vyote akaonekana mwendawazimu. Ng'ombe wa watu wa huku hashushi maziwa kama ndama wake hayupo kando yake, na hakuna asiyelijua hilo. Mzee Sebarenzi, jirani yake, alimtazama kwa huruma. "Mutoto akikufa, mama yake atamutolea nani maziwa?" Kuhusu kuyaweka maziwa motoni, mzee hakutaka hata kusikia; kwa imani yao jambo hilo huharibu chuchu za ng'ombe.

Aliporudi mikono mitupu, Bwana alimwekea ahadi: dawa ikipatikana, ng'ombe wa Straton atalishwa kwenye bonde la mto mpaka Straton afe. Vilima vilikuwa vimezungushiwa waya karibu vyote, na bonde lile ndilo pekee lililokuwa na majani kiangazi. Straton alikuwa na ng'ombe mmoja tu, Bihogo, mwenye ndama dume aliyekuwa bado ananyonya. Alimchinja kwa mkono wake. Mkewe Mukagasana hakumzuia. Alichukua jembe akaenda kupalilia maharage kwenye mvua.

Tumbo lilikaushwa, likakatwa vipande, likalowekwa kwenye chupa ya maji ya chumvi. Wafanyakazi walikataa kupasha maziwa moto, kwa hiyo Straton aliuwasha moto mwenyewe kila asubuhi mpaka wakazoea. Jibini moja lilitoka chungu, jingine likakauka kama ubao. Aliendelea kulikamua, kulitia chumvi na kuligeuza hadi likakubali. Wakati huo Bihogo alikuwa akilia zizini akimtafuta mtoto wake. Alipoacha kulia, maziwa nayo yalikuwa yamekauka.

Basi siku hiyo ya masanduku wageni walifika adhuhuri, na mkubwa wao alikuwa agronome, bwana shamba wa serikali. Walikula jibini kwa divai, wakasifu kwa Kifaransa, wakapigiana makofi. Straton alisimama mlangoni na sinia. Hakuna aliyemwambia aonje. Mwishowe Bwana alimwita akamvalisha kofia yake kuukuu, wageni wakacheka kwa upole.

Agronome akawageukia wafanyakazi.

"Fromage iko muzuri. Sasa inaomba maziwa mingi. Kuanza kesho, bonde ya muto iko ya ngombe yenye kutoa maziwa. Ile haitoi, itoke."

Straton alidhani amesikia vibaya. Alimngoja Bwana pembeni ya baraza.

"Bwana, uliniambia Bihogo atakula mule mpaka nikufe."

"Bihogo inatoa maziwa?"

"Hapana, Bwana. Mutoto yake njo ile tulichin..."

"Basi. Sheria iko ya Leta, ya serikali, haiko yangu." Bwana akarudi kwa wageni wake.

Kamyo ikaondoka na masanduku. Straton alishuka nyumbani kwa hasira. Alimsimulia mkewe yote, na Mukagasana akaendelea kuchambua maharage.

"Sasa tutamupeleka wapi?"

"Ku Kashebere, labda. Kule Michel iko na ndugu."

"Kule iko pori tupu. Bihogo atakula miti?"

Straton alikaa chini kando ya ungo.

"Na mutoto yake," Mukagasana alisema, akiweka ungo chini, "ile yenye ilibakia, iko wapi?"

"Iko mu chupa, kule ku maziwa."

"Umulete."

Straton alipanda tena kilima kabla jua halijazama, akaichukua chupa mbele ya Michel, ambaye aligeuka akaendelea kusugua sufuria. Walivizika vile vipande nyuma ya zizi, na Bihogo akaja kunusa udongo.

Asubuhi maziwa ya shamba zima yalimwagwa ndani ya sufuria, yakapata uvuguvugu, yakabaki maziwa. Jua lilipopanda yakaanza kutoa harufu. Bwana Lambrecht aliingia, akachovya kidole, akatazama rafu tupu.

"Kapita, dawa iko wapi?"

Dirishani walionekana ndama wa Ulaya, wanono, wakinyonya. Straton aliivua ile kofia, akaiweka juu ya rafu mahali chupa ilipokuwa.

"Iko vita, Bwana," alisema. "Meli haiyafika."