Kupita Mbele za Watu

"Hivi Biubwa, siku ukifa, hilo goti la chuma utazikwa nalo, au hospitali watakuja kulidai?"

Aliyeuliza ni Esha wa nyumba ya pili, mbele ya wanawake waliokuja kumjulia hali mgonjwa, na kikao kizima kikavunjika mbavu. Esha ni mtani wake, na mtani hakasirikiwi. Biubwa naye alicheka. Ila tangu siku ile swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Goti lenyewe, la kulia, aliwekewa baada ya kuchechemea miaka mingi. Sasa maumivu yalikwisha kuondoka, na magongo ameyasukumiza nyuma ya mlango. Lililobaki ni kwenda kupimwa mwendo. Daktari akiridhika, atampa ruhusa ya kurudi shambani kwake Kiwangwa, ambako mananasi yalikuwa yameanza kupiga rangi. Asiporidhika, goti litafunguliwa upya, Biubwa arudi kitandani, na mananasi yakatwe na mikono ya wengine.

Alisindikizwa na Esha. Mtani hukucheka ukiwa mzima, lakini ukiwa na shida ndiye wa kwanza kujifunga kanga.

Hospitali ilikuwa upande wa Tegeta. Chumba cha kupimia mwendo kilikuwa kirefu na kitupu kama ukumbi wa arusi wageni hawajafika. Kamera zilikodoa macho kutoka juu ya kuta, na katikati ya njia palikuwa na bamba lililozamishwa sakafuni. Mpimaji alikuwa Ezmina, binti wa Kihindi aliyekulia Bagamoyo katika duka la vitambaa la baba yake. Alimpa shikamoo yake kamili, akamvisha suruali ndefu ya kubana, akamstiri mabegani kwa kanga, kisha akambandika miguuni vitufe vidogo vinavyong'aa, ukubwa wa kunazi. Akamweleza kwamba kamera hufuata vile vitufe, bamba hupima unyayo umekanyaga kwa nguvu gani, na kompyuta ikikusanya yote hayo hujua goti limebeba mzigo kiasi gani na limeubeba upande upi. Biubwa akasema basi mashine hiyo ni mmbea kumshinda Esha.

Kando ya njia vilipangwa viti. Akakaa Daktari Abdillah, aliyemfanyia upasuaji, wakakaa wauguzi wawili wa kike, na Esha akajichagulia kiti cha mbele kama yuko kwenye taarabu. Biubwa akasoma bismillahi, akatanguliza mguu wa kulia, akatembea. Akaenda, akarudi. Akaambiwa arudie, akarudia. Kila alipopita, uso wa Ezmina mbele ya kompyuta ulizidi kukunjamana.

Daktari alisogea akamweleza kwa upole. Picha za eksirei zilionyesha goti limekaa sawa, lakini kila akikanyaga, mzigo wote unaangukia upande wa nje. Goti likibebeshwa hivyo litalika upande mmoja kabla ya wakati wake. Akamwuliza kama linauma.

"Alhamdulillahi," akasema Biubwa.

Daktari akashusha pumzi. Wazee wa pwani aliwajua. Hata wakiwa hoi, ukiwauliza hali watakujibu alhamdulillahi. Jibu lile halikumtuliza hata kidogo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba huenda ikabidi walifungue tena.

Esha hakutoa hata nusu ya utani. Hapo ndipo Biubwa alipojua kuwa jambo ni zito.

Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Daktari, wauguzi na Esha wakatoka, na Biubwa, ambaye udhu wake wa asubuhi alikuwa nao bado, akajifunga kanga nyingine kiunoni akaswali mlemle chumbani, juu ya kiti. Hakumwomba Mungu ampe goti la msichana. Aliomba tu wenye kutazama waonyeshwe ukweli. Alipomaliza akavuka chumba chote kufuata kandambili zake zilizokuwa upande wa pili.

Ezmina, aliyebaki kwenye kona yake na kompyuta, akainua kichwa.

"Bibi, mbona sasa umetembea wima? Tulipokaa pale ulikuwa unainama."

Biubwa akamshangaa. "Sasa mwanangu, daktari amekaa, wauguzi wamekaa, mimi nipite mbele yao kama nguzo ya umeme? Mama yangu hakunifunza hivyo."

Ezmina akajishika kichwa. Hata kwao dukani alifunzwa vivyo hivyo: ukipita mbele ya waliokaa, unainama na kuteremsha mkono wa kulia. Adabu ile aliizoea mno hata macho yake hayakuiona tena. Na mzee akiinama, akauteremsha ule mkono, mwili wote huegemea kulia, na mzigo huangukia upande wa nje wa goti.

Daktari Abdillah aliposimuliwa alicheka hadi akavua miwani. "Kumbe tumemkalia njiani kama wakwe!"

Viti vikatolewa. Daktari, wauguzi na Esha wakajificha nyuma ya pazia, Ezmina naye akageuza kompyuta yake ili asimkabili. Biubwa akasoma tena bismillahi, akatembea kama anavyotembea baina ya mistari ya mananasi, kifua mbele, akiwaza mavuno. Ule mstari wa kompyuta uliokuwa umepanda kama kilima ukalala chini taratibu. Mzigo ulikuwa umegawanyika vizuri, huku na huku.

"Njooni mwone!" akaita Ezmina.

Daktari akatazama, akatazama tena, akasema goti limekaa barabara, mama aende zake Kiwangwa. Kigelegele cha Esha kilisikika hadi dirisha la dawa.

Biubwa alipokwisha kuvaa baibui lake, alimkuta Esha kwenye korido amekaa benchi moja na wagonjwa, keshawasimulia yote.

"Haya shoga," Esha akasema, "na lile swali langu?"

"Nitazikwa nalo," akajibu Biubwa. "Anayelidai anifuate huko huko. Ila mwaka huu tuna kazi, mimi nalo."

Mabenchi yote yakacheka. Njia ya kutokea ilipita katikati ya safu mbili za watu waliokaa. Kutoka mlangoni, Ezmina akamwonyesha kwa mkono: wima, bibi, wima. Biubwa akamtazama, akatabasamu, akakusanya baibui lake. Kisha akainama, akateremsha mkono wa kulia, akapita mbele za watu mpaka nje.