Bibi Aliyekuwa Anaoga Darini

Na itangazwe kwa mataifa yote kwamba Jumamosi moja ya Julai, katika mtaa wa Observatory, Johannesburg, ustaarabu ulipiga hatua isiyo na mfano: Mama Leonida aliamua kubadilisha gizeri. Gizeri ni lile pipa la umeme la kuchemshia maji linalokaa darini. Lake lilikuwa kuukuu, lilikula umeme kama mgeni asiyeona haya, na lilidondosha maji juu ya kitanda chake.

Mama Leonida ni Mtanzania. Marehemu mumewe alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni Morogoro, na uhuru ulipopatikana Mama alimfuata mumewe hadi huku. Mama Leonida alikuwa ametoa ahadi: gizeri mpya ikifungwa, bomba la maji moto litafika chumba cha uani. Humo amepanga Marthe, fundi cherehani kutoka Bukavu. Tangu nyumba ijengwe, chumba hicho kina maji baridi tu. Kila Julai vidole vya Marthe hukakamaa asubuhi asiweze kutunga uzi kwenye sindano, na wateja hawasubiri vidole.

Fundi bomba, Damien, alikata umeme, akapanda darini, akafungua kifuniko cha pembeni na kumulika tochi ndani. Akakirudisha taratibu.

"Mama," aliita, "humu iko mtu anaoga."

Mama Leonida alimwita kwanza binti yake, Violeth, aliyekuwa likizo kutoka shule ya bweni na mwenye sifa ya utundu. Binti huyo, msichana wa heshima na uzuri wa kupindukia, alikana.

"Mwanamume au mwanamke?" Mama Leonida akamuuliza fundi.

"Mwanamke. Mzee."

"Sasa unamulika nini? Hukulelewa?"

Alipanda ngazi mwenyewe, akageuza uso pembeni, akasema shikamoo. Bibi hakulijua neno hilo ila aliitambua heshima iliyokuwamo sautini, akaitikia kwa Kizulu. Aliitwa Gogo Sibongile; kwa Kizulu, gogo ni bibi. Enzi za Wazungu alikuwa mtumishi wa nyumba hii. Alisugua bafu la wenyewe kila siku, kisha akaenda kuoga maji baridi katika chumba cha uani. Alipokwisha kuzikwa, akapanda darini kuoga. Bado hajamaliza. Pipa linamtosha, akikunja magoti.

Jioni Damien aligusa pipa, akapuliza vidole.

"Eish. Umeme nilikata asubuhi, na maji iko moto tu."

"Ni hasira," alisema Marthe kutoka mlangoni.

"Basi hasira haina mita," alisema Damien.

Mama Leonida alilipigia neno hilo hesabu. Kisha akauliza kama pale panapovuja panazibika. Palizibika. Gizeri mpya ikarudishwa dukani ikiwa bado katika boksi lake, na ile kuukuu ikaendelea kuhudumia bafu na jikoni bila waya. Hakuna aliyemuuliza Gogo kama anaridhia, kwa sababu kumsemesha mtu mzima anayeoga ni utovu wa adabu. Wageni walisifu maji. Mchungaji aliomba kuoga kabla ya ibada, akaruhusiwa.

Baada ya wiki Marthe alikuja, mikono makwapani.

"Mama Leonida, na bomba yangu?"

"Ahadi ilikuwa ya gizeri mpya, Marthe. Hii si ni ileile ya zamani?"

"Lakini maji ni ya bure, mama."

"Ndiyo maana tusiichokoze. Tungoje."

Marthe alitazama dari. Juu, Gogo alisikika akigeuka upande wa pili. Marthe akarudi uani na ndoo yake.

Haya yote yaliandikwa mezani barazani, kwa uchungu wa haki, na mtu asiyehusika kabisa. Asubuhi hii Marthe alipita, akasimama.

"Violeth, unaandika nini?"

"Habari za Gogo. Namna mnavyoonewa, yeye na wewe."

"Ni vizuri, mwanangu. Uandike." Akaniangalia kichwani. "Na hizo nywele zako, mbona zinatoa mvuke?"

Basi. Nimeogea maji yale leo mara mbili, na mara ya pili sikuwa hata mchafu.